Bodi ya ujiko, gari la kusukuma

Wiki hii hakuna nani kaachika wala nani kaonekana na nani. Wiki hii ni gari. Akina dada msigeuze ukurasa, siku hizi na nyie mnashika usukani, na likizimika njiani mnasukuma kama sisi.

Mjomba wangu yuko Tabora, ana Corolla. Msidhani ni gari la kutokea Jumamosi. Lile ni gari la asali. Linashuka Sikonge na madumu matupu, linarudi na madumu yamejaa. Siti ya nyuma imeng'olewa, milango inanata, nyuki wawili watatu wanasafiri bure. Watoto watatu wanasoma kwa gari hilo. Likilala, ada inalala.

Siku moja bomba la moshi likakatika. Mjomba akalipeleka kwa mchomeleaji mmoja wa barabarani. Yule bwana hakuchomoa betri. Akabana waya wa ethi kwenye bodi ya gari, akapiga cheche tatu nne, akachukua chake. Mjomba kupiga stata, injini inazunguka, haiwaki. Plagi hazina moto, noso hazimwagi petroli. Mafundi wakapima wee, mwisho wakasema neno ambalo hakuna mwenye gari anapenda kulisikia: kontrol boksi limekufa.

Kwa ambao hawajawahi kulifungua, kontrol boksi ni kompyuta ya gari. Kabati la chuma, ndani bodi ya saketi. Linasoma sensa: hewa inayoingia, joto la injini, mzunguko, mguu wako kwenye mafuta. Halafu linaamua noso ifunguke kwa elfu ngapi za sekunde, na plagi itoe moto saa ngapi. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kabureta na platini, ukarekebisha kwa bisibisi. Siku hizi bisibisi haina kazi. Boksi likifa, injini nzima ni kama maiti yenye viungo vyote.

Mjomba akafanya ambacho kila mtu angefanya. Akatuma hela Dar, akaletewa boksi lililotumika kwa basi. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Boksi la Toyota lina stika yenye namba, na ya injini kwa kawaida inaanza na 89661, kisha tarakimu nyingine. Watu wakiona 89661 wanafurahi, wakati mambo yako kwenye zile tarakimu za mwisho. Injini inaweza kuwa ileile, lakini boksi moja ni la gia za kawaida na jingine ni la otomatiki. La mjomba halikulingana. Gari liliwaka, likamisi, sailensa ikawa inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Muuzaji akasema mali ikishatoka hairudi.

Mimi nilikuwa Tabora likizo. Si unajua tena kijana wa mjini akifika kwao, lazima aonekane anajua. Nikasema, "Mjomba, boksi linaweza kutengenezwa upya. Nyumbani."

Akaniangalia kwa muda. "Mpwa wangu, hela niliyobaki nayo ni ya kukosea mara moja tu, na nimeshakosea."

Sentensi hiyo ilinikaa kifuani mpaka mwisho wa habari hii.

Haya sasa, nilichokuwa nakijua ni hiki. Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa kontrol boksi la kujiundia, wakaliita MegaSquirt. Halikuja limekamilika. Unanunua bodi tupu na pakiti ya rizista, kapasita, diodi na transista, unalehemu mwenyewe moja moja, kisha unaliunganisha na kompyuta na kulifundisha injini yako. Vijana wengi duniani wamefufua magari kwa njia hiyo. Shida ni kwamba ukitaka kununua, hawakuulizi "unataka MegaSquirt?" Wanakuuliza, "toleo gani la bodi?"

Hapo ndipo wengi wanapotea, na mimi nilikuwa mbioni kupotea.

La kwanza ni V2.2. Hiyo ni bodi ya zamani, nyepesi kulehemu. Iliundwa hasa kwa ajili ya petroli: inafungua noso, basi. Mambo ya moto wa plagi inayaachia distributa ya kizamani. Ukitaka iendeshe na moto, unaanza kuongeza saketi za pembeni na kurukisha waya. Kwa gari linalotoka kwenye kabureta linaweza kutosha. Lakini kwenye Corolla yetu, boksi lenyewe ndilo linaloamuru moto. Kwa hiyo V2.2 ingetuletea viraka kabla hatujaanza safari.

La pili ni V3.0. Hii imeongezewa ndani kwa ndani. Ina saketi ya kusafisha mawimbi yanayotoka kwenye pikapu ya sumaku ya distributa, ina sehemu ya kuendesha koili, na vile vipande vinavyochemka vimepangwa pembeni ili vibanwe kwenye kabati la chuma, joto litoke nje. Mtu aliyeonja jua la Tabora mwezi wa kumi anajua umuhimu wa jambo hilo. Vipande vyake ni vya miguu mirefu, vinapita kwenye tundu upande wa pili unalehemu.

La tatu ni V3.57. Ee bwana, hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa! Ni V3.0 ileile kwa kazi, ila vipande ni vile vidogo vya kubandikwa juu ya bodi na mashine, vinakuja vimeshapangwa kiwandani. Safi, inang'aa, huchomi kidole. Marekebisho mengi unahamisha tu vipini vya plastiki. Nilishajiona nimeishika mkononi, napiga picha, washikaji wa kitaa wanauliza, "Umeitoa wapi hiyo?" Ujiko mtupu.

Kuna na ndugu mdogo, Speeduino, kazi ya Josh Stewart wa Australia. Hiyo inapanda juu ya kibodi cha Arduino Mega, na nayo ina matoleo yake: v0.3 waya zinabanwa kwa skrubu, v0.4 imejikusanya zaidi na inatumia soketi moja ya pini 40. Uzuri wake ni kwamba ubongo ukifa, unanunua Arduino nyingine. Lakini kwa pikapu ya sumaku kama ya kwetu, inadai kijibodi cha ziada cha kusafisha mawimbi, na V3.0 imeshabeba hicho tumboni.

Nikaamua V3.57. Nikamwambia mjomba. Mjomba akasema sawa, ila kwanza twende kwa fundi redio.

Fundi huyo ni mtani wetu, Mzaramo. Alikuja na treni miaka hiyo, akaonja asali, akagoma kurudi. Kibanda chake kiko njia ya kwenda Kwihara, chini ya mwembe, na ile miembe wenyeji wanakwambia ni kokwa za watu wa misafara. Ana miwani mizito, chuma cha kulehemu cha umri wangu, na ukuta wa redio zilizokufa.

"Mwangaluka, Mzee wangu," nikamwamkia Kinyamwezi, ili nipate pointi.

"Wacha kunizuga, mtumwa wangu," akajibu kama mtani. "Umeleta nini?"

Nikafungua simu, nikamwonyesha picha za bodi zote tatu, nikasifia V3.57 kama nauza mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akauliza swali moja.

"Ikifa Tabora, nani anaifufua?"

Kimya.

"Hivi vidude," akaendelea, akigusa kioo cha simu, "ni mbegu za mchicha. Vinataka mashine ya hewa ya moto, kibano na macho ya mtoto. Mimi sina. Tabora nzima sijui nani anayo. Kikifa kimoja, boksi linapanda basi kwenda Dar, mjomba wako anakaa. Unajua Livingstone alikaa hapo Kwihara kufanya nini?"

Nilijua ya shule. Baada ya Stanley kuondoka Machi 1872, Livingstone alibaki pale Kwihara mpaka Agosti, anasubiri wapagazi na mzigo kutoka pwani. Miezi mitano na ushee, mtu mzima, anahesabu siku.

"Ugonjwa wa Tabora huo," fundi akasema. "Kila kitu kiko pwani, sisi tunasubiri chini ya mwembe. Sasa wewe unataka kumnunulia mjomba wako kitu cha kusubiria."

Nikaishiwa pozi. Nikajaribu kujitetea: lakini ndiyo ya kisasa, ndiyo ya kiwandani. Akacheka. Akaniletea habari ya mashua.

Mwaka 1874 Stanley alikuja tena, safari hii na mashua ya futi 40, Lady Alice. Iliundwa Uingereza, imegawanywa vipande ili ibebwe na watu kutoka Bagamoyo kwenda bara. Kufika Zanzibar, vipande ni vizito mno. Huko ilikoundwa hesabu ilikubali, begani kwa mpagazi ikakataa. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, frasila mbili hivi, na njia ile haikuwa na mzaha. Ikabidi apatikane fundi palepale Zanzibar, avikate vile vipande upya viwe vyembamba. Baada ya hapo ndipo ikabebeka. Haikupita Tabora moja kwa moja, ilichepuka kaskazini kwenda Ziwa Victoria. Ikalizunguka mwaka 1875, ikaja Tanganyika 1876, ikaishia mto Kongo mwaka 1877.

"Mashua nzuri," fundi akamalizia, "ni ile inayokubali bega la huku. Nunua hiyo yenye miguu mirefu. Hata nikiwa kipofu nusu nitaishika."

Basi. Ujiko wangu ukafia pale chini ya mwembe. Tukaagiza V3.0.

Na juu ya ubongo wake pia tulijadiliana. Bodi hizi zina soketi ya pini 40. Unaweza kuweka prosesa ya kwanza, MS1, ya biti 8, au kadi ya MS2 ya biti 16 ambayo inaingia kwenye soketi ileile. Hata MS3 iliyokuja baadaye inapanda hapohapo. Maana yake, bodi ukichagua vizuri, akili unaweza kuiongeza siku nyingine ukipata hela. Tukachukua MS2, kwa sababu inapangilia moto vizuri zaidi na mjomba hakuwa na hela ya kurudi dukani.

Mshikaji wangu aliyeko Uingereza ndiye aliyetununulia. Mzigo ulipofika, mjomba aliufungua mwenyewe. Alipoona ni vijipakiti vya vipande, hakusema kitu. Uso wake ulisema: nimelipia hela hii yote kwa bizari?

Tulianza jioni ile, kibandani kwa fundi. Maelekezo yanataka ulehemu kwa mafungu, na kila fungu ulipime kabla ya kwenda mbele. Kwanza sehemu ya umeme. Unawasha, unapima kwenye soketi ya prosesa kama kuna volti 5, na prosesa yenyewe bado hujaiweka. Ukiiweka kabla, ukakosea, umeunguza ubongo.

Nikalehemu mimi, maana macho ni yangu. Nikawasha. Mita ikaonyesha sifuri. Halafu ikaja ile harufu. Anayeijua anaijua.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye dumu mlangoni. Hakuinuka. Hakuuliza. Msomaji wangu, heri angenitukana.

Fundi akaweka lenzi, akacheka kwa pua. "Diodi umeigeuza. Mstari ulitakiwa uangalie huku." Ilikuwa 1N4001. Diodi hiyo iko kwenye chaja, kwenye redio, kila mahali. Akanyoosha mkono ukutani, akashusha redio ya marehemu, akachomoa ya kwake, akaiweka. Dakika kumi. Tukawasha tena. Volti 5, imetulia kama maji ya mtungini.

Mjuaji hapo atasema: ungechukua V3.57 usingegeuza diodi, kiwanda kingeiweka sawa. Ni kweli kabisa, na kama huna fundi wala subira ya kulehemu, iliyokamilika itakuokoa. Lakini ngoja nimalize.

Siku zilizofuata tulimaliza mafungu yote. Tulipima bodi mezani kwanza, kwa kibodi cha majaribio chenye vitufe vya kuzungusha, kinachoidanganya kwamba iko kwenye injini. Noso nazo tulizipima kwa mita, omu 13 na kitu, maana yake ni za ukinzani mkubwa, hazihitaji ulinzi wa ziada. Boksi tukalifunga ndani, nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Haliwekwi kwenye injini, halijaundwa kwa maji wala joto la kule.

Kisha likaja swali la mafuta. Kwenye laptopu ya kuazima tukafungua programu ya TunerStudio, ile meza ya tarakimu ambayo ndiyo akili ya boksi. Petroli ikizidi gari linakunywa na kutoa moshi mweusi. Ikipungua, hapo ndipo pabaya, pistoni inaweza kuungua. Mimi nilikuwa naangalia tarakimu, fundi wa injini anachomoa plagi na kuangalia rangi. Nyeusi, punguza. Nyeupe, ongeza. Ya kahawia kama biskuti, acha hapo hapo. Tulizunguka barabara ya Nzega mara nyingi mpaka trafiki akatuzoea.

Siku gari lilipowaka kwa stata moja na sailensa ikatulia, mjomba aliingia, akafunga mlango, akakaa ndani peke yake kama dakika mbili. Alipotoka alisema tu, "Kesho nakwenda Sikonge."

Ningeishia hapo ningekuwa nimewapa hadithi tamu. Lakini bodi haipimwi siku ya kuwaka.

Miezi michache baadaye nikiwa nimesharudi Dar, simu ikaita. Mjomba yuko Ipole, kusini ya Sikonge, gari limezima, lina asali. Kijana mmoja alikuwa amemwongezea taa za mbele na kugusisha waya wa pampu ya petroli pasipotakiwa. Pampu hailii. Nilihisi miguu imeisha nguvu. Ile "hela ya kukosea mara moja" ikarudi masikioni.

Mjomba akafanya nini? Akafungua skrubu, akachomoa boksi, akalifunga kwenye kanga ya shangazi, akapanda basi na kulipeleka Tabora kwa mtani. Mzigo wa mpagazi, mwepesi kuliko frasila. Fundi akapima: transista inayowasha rilei ya pampu imekufa, nyingine zote nzima. Miguu mitatu. Akachomoa, akapekua kopo lake, akaweka inayofanana nayo kwa kazi. Kesho yake mjomba yuko Ipole, gari linanguruma, na asali haijapoteza hata dumu.

Sasa chukua picha ileile, weka bodi niliyoitaka mimi. Boksi lingepanda basi la Dar. Gari lingelala Ipole na madumu, na mimi ningekuwa natafuta maneno ya kumwambia shangazi.

Sisemi kila mtu akajenge kontrol boksi. Kama gari lako limezima, kwanza tafuta lile la asili, namba ilingane mpaka tarakimu ya mwisho. Ukilipata, funga, nenda zako. Na kabla hujaruhusu mtu achomelee gari lako, chomoa betri. Hiyo ni bure.

Ila ukilazimika kuchagua bodi, au hata simu, au jenereta, au jokofu la dukani, usianze na swali la "ipi mpya?" Anza na swali la yule Mzaramo. Ikifa hapa nilipo, nani anaifufua, na kwa chuma gani alichonacho mkononi? Jibu likikosekana, hicho ulichonunua ni cha pwani, na wewe umejiandikisha kusubiri chini ya mwembe.

Mjomba anawasalimu. Ameniletea dumu la lita tano. Ndani yake nyuki mmoja.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Tutarudi kwenye mapenzi, msijali.